Saketi Mbovu Nayo ni Somo

Ipo dhana kwamba fundi wa saketi za udhibiti ni mtu anayejua kubadilisha kadi. Kadi ikishukiwa hung'olewa na nyingine huwekwa. Mtambo ukigoma tena, lawama huangukia kadi mpya. Kwa maoni yangu, dhana hii huanzia darasani, ambamo kila saketi inayochorwa ubaoni ni nzima.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa katika kiwanda kimoja cha mwambao wa Tanga. Kikaushio cha mvuke kilitakiwa kukaa kwenye nyuzi 150 za sentigredi, lakini kipimo hakikuvuka nyuzi 137 hivi. Kidhibiti, kikidhani joto halijatosha, kiliifungua vali ya mvuke hadi mwisho, na mali ikaungua. Kadi ilikwisha badilishwa mara mbili. Ya tatu ilikuwa imeagizwa ng'ambo.

Katika mtambo ule joto huwakilishwa na mkondo wa umeme: miliampia 4 kwa nyuzi 0, miliampia 20 kwa nyuzi 200. (Kuanzia 4 badala ya 0 ni kwa makusudi: waya ukikatika mkondo hutoweka kabisa, na fundi hutambua kuwa huo si ubaridi bali ni hitilafu.) Nyuzi 150, basi, zinahitaji miliampia 16.

Kwanza tuliitoa vali katika amri ya kidhibiti, tukaishika kwa mkono. Maadamu viwili hivyo vinajibizana, kila kipimo huonekana kibovu. Kisha tukapima volteji kwenye rezista ya omu 250 iliyomo katika njia ya mkondo. Ilikuwa 3.75, yaani miliampia 15, wala haikupanda. Tukafuata waya kiungo kwa kiungo hadi kwenye skrubu moja iliyoonyesha volti 8.25, mahali pasipostahili hata sehemu ya kumi ya volti. Hewa ya chumvi ilikuwa imeotesha hapo kutu ya kijani yenye ukinzani wa omu 550. Chanzo cha umeme kilitoa volti 24, na kipimajoto chenyewe kilihitaji 12. Volti 12 zilizobaki haziwezi kusukuma zaidi ya miliampia 15 katika omu 800. Joto la chini lilisomeka sawasawa, ndiyo maana hakuna aliyeushuku waya.

Hapana hesabu humo isiyo ya kanuni ya Ohm, nayo hufundishwa sekondari. Kinachokosekana ni mazoea ya kuiuliza saketi kabla ya kuihukumu. Wapo wasemao kwamba saketi za namna hii zimepitwa na kompyuta. Nawajibu kwamba katika viwanda vingi kompyuta hiyo hiyo bado hupokea habari za joto kwa miliampia 4 hadi 20, kupitia skrubu zile zile.

Mwalimu anahitaji betri, rezista chache na mita. Aiharibu saketi kwa siri, kisha awape wanafunzi wamtafute mkosaji. Maksi azitoe kwa daftari la vipimo, kila kipimo na sababu ya kukichukua. Aliyebahatisha kiungo kibovu bila kupima asipate kitu.