Kata Kwanza, Kisha Pima

Ndugu wafanyakazi, mama wa nyumba, na ninyi vijana mnaopenda kutengeneza,

Katika nyumba nyingi za Kolwezi, toka Manika mpaka Kapata na Luilu, iko turnevisi yenye taa ndogo ndani, ile tunayoita testere. Ni chombo kizuri. Lakini mimi naona tunakiamini kupita kiasi.

Tuelewe kazi yake. Ncha inagusa waya, kidole kinagusa kichwa cha chuma. Umeme kidogo sana, chini ya miliampere 1, unapita katika mwili wako kwenda ardhini, na taa inawaka. Basi wewe mwenyewe ni sehemu ya njia. Ukisimama juu ya meza kavu au ukivaa viatu vizito vya mpira, taa inaweza kufifia. Juani huioni. Kwa hiyo testere ikiwaka, hatari iko. Ikinyamaza, bado hujui kitu.

Ikitumiwa vizuri inasaidia. Katika prizi, tundu moja liwake (fazi), la pili linyamaze (netri). Yakiwaka yote mawili na ampuli za nyumba haziwaki, mara nyingi netri imekatika, na waya zote mbili ni hatari. Ukizima swichi na testere bado inawaka pale panapofungwa ampuli, huenda swichi imewekwa kwenye netri: anayebadili ampuli anaweza kupigwa. Ikiwaka kwenye bati la friji, usiguse friji, shusha disjonteri. Hapo testere imemaliza kazi yake. Ita fundi wa umeme.

Sisi tuna hatari nyingine: delestaji. Nzilo na Nseke ziko jirani yetu juu ya Lualaba, na waya mkubwa wa Inga ulifika Kolwezi katika miaka ya 1980 baada ya kilometa 1.700 hivi. Hata hivyo umeme unakatika nyumbani. Ndipo baba anasema: «Leo hakuna umeme, acha nitengeneze prizi.» Anapima, testere inanyamaza, anashika waya. Umeme haupigi hodi unaporudi.

Kazini, fundi hagusi motere kabla ya kukata umeme, kufunga kufuli, kuweka kibao, na mwishoni kupima. Kwa nini sheria hiyo tunaiacha getini? Nyumbani fanya hivi: weka testere katika prizi umeme ukiwapo, uone inawaka. Shusha disjonteri, weka mtu wa kuilinda. Pima tena palepale. Sasa ukimya wake una maana. Wakati wa delestaji huwezi kuijaribu hivyo; basi usifungue prizi.

Najua mtasema fundi anaomba pesa. Ni kweli. Lakini miliampere 10 hivi zinatosha kufanya mkono ung'ang'anie waya usiweze kuachia. Zikifika 30, pumzi inaweza kukatika. Zikizidi, moyo unatetemeka bila kusukuma damu. Umeme wa nyumba, volti 220, unapita hayo kwa urahisi, zaidi sana mikono ikiwa na maji. Sisi wa dispanseri hatuna sindano ya kumrudisha mtu ambaye moyo wake umesimama tangu nyumbani.

Kwa hiyo kila mtu wa nyumba, hata mtoto mkubwa, ajue disjonteri iko wapi. Mtu akishikwa na umeme, msimguse: shusheni disjonteri kwanza. Kama hapumui, mlazeni chali, sukumeni katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike. Msimmwagie maji. Hata akiamka na kucheka, mleteni hospitali, kwani moyo unaweza kusumbuka baadaye, na umeme huunguza ndani pasipoonekana.

Kinga ni bora kuliko tiba. Kata kwanza, kisha pima, na kazi ya fundi mwachie fundi.