Tusiusingizie Upepo



Kila mwaka masika yakikatika na upepo wa kusi ukianza kuvuma, maneno yaleyale husikika hapa Kibiti: huu ni msimu wa mafua na vikohozi, na upepo ndio ulioyaleta. Sisi tunaona upepo unasingiziwa. Kusi hutoka baharini, na huko Nyamisati na visiwa vya delta huingia ukiwa safi. Ukifika huku bara umebeba moshi na vumbi, basi mzigo huo umeupata njiani, na waliomtwika ni watu.

Tuangalie moshi huo unatoka wapi. Tangu Juni hadi Oktoba ardhi huwa kavu. Wakulima hufyeka na kuchoma mashamba wakingojea vuli. Matanuri ya mkaa hufuka siku kadhaa mfululizo, na mkaa wenyewe hupakiwa kwenda Dar es Salaam. Kwenye mikorosho hupulizwa unga wa salfa kuzuia ubwiriunga. Majumbani kuna moshi wa kuni, jioni makumbi ya nazi hufukizwa kufukuza mbu, na asubuhi ua hufagiwa, majani na mifuko ya nailoni vikachomwa pamoja.

Mtu atauliza: mbona moshi huonekana zaidi alfajiri, wakati moto umewashwa jana jioni? Jibu ni kwamba usiku ardhi hupoa, na hewa iliyo karibu nayo hupoa kuliko ile ya juu. Hewa baridi ni nzito, haipandi. Upepo nao usiku hutulia. Basi moshi hukaa chini kama mvuke uliofunikwa chunguni. Jua likishapanda na kuipasha ardhi joto, kifuniko hufunguka na moshi huenda zake. Kwa hiyo saa mbaya kuliko zote ndiyo ile mtoto anapotoka nyumbani kuja chuoni.

Na madhara yake si madogo. Chembe za moshi ni ndogo mno hata hupita puani na kooni zikatua ndani ya mapafu. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, moshi wa majumbani peke yake uliua watu wapatao milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Mwenye pumu darasani mwetu anaelewa jambo hili bila kuelezwa.

Wanafunzi wetu wamesoma kwamba Mtume (s.a.w.) alimzuia aliyekula kitunguu saumu kibichi asiukaribie msikiti, ili harufu isiwaudhi wenzake. Harufu ya kitunguu haimuui mtu. Itakuwaje basi kwa moshi wa nailoni unaoingia chumbani kwa mtoto mchanga wa jirani? Tumefundishwa pia tusiutukane upepo, kwani nao umeamrishwa. Kumlaumu mwenye amri zake na kumwacha mwenye kiberiti si uadilifu.

Wapo watakaosema kwamba moto ndio trekta la maskini. Ni kweli, na hatuwezi kumwambia mkulima asiye na kibarua aache moto leo. Lakini kuna namna ya kuchoma. Akusanye marundo madogo, asafishe mpaka wa shamba moto usiruke, awaarifu majirani, na awashe asubuhi jua likishapanda, siku upepo ukiwa mdogo, abaki hapo mpaka moto uzimike. Anayewasha jioni akaenda kulala amewaachia watu wengine moshi wa usiku kucha. Mwaka 2015 moshi wa mashamba na misitu ya Indonesia ulivuka bahari hadi Malaysia na Singapore, na shule zikafungwa. Moshi hauna mpaka.

Upande wa jikoni, serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ni jambo jema, ila gesi ina bei yake. Wakati tunangojea, kuni zilizokauka vizuri na dirisha la jikoni lililo wazi havihitaji mkakati.

Lakini sisi wa madrasa tuanzie uani kwetu. Tunaomba kamati ipitishe kwamba taka hazichomwi tena hapa. Majani yachimbiwe shimo yaoze yawe mbolea ya miti yetu, na plastiki itengwe. Nanyi wanafunzi, mkitumwa nyumbani kuwasha taka alfajiri, ombeni kwa adabu ruhusa ya kuzifukia majani. Mzazi anayeombwa kwa adabu husikiliza.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe majirani wasioudhi. Wabillahi tawfiq.