SI KILA KUKOSA PUMZI NI PUMU

Wafanyakazi wenzangu, nanyi mama wa nyumbani,

Hapa Nyangwe, na kote Kasongo na Kabambare, mtu akikosa pumzi tunasema: "Ana pumu." Jina hilo moja linatudhuru, maana jina la ugonjwa ndilo linaloonyesha dawa.

Tutofautishe. Pumu huja na kupoa, na mara nyingi huanza utotoni. Bronkiti sugu ni kukohoa makohozi miezi 3 kwa mwaka, miaka 2 mfululizo. Emfizema ni kuharibika kwa vifuko vidogo vya hewa ndani ya mapafu, vikiharibika havirudi. Hizi mbili, njia za hewa zikiisha kuziba kwa kudumu, huitwa ugonjwa sugu wa kuziba mapafu. Silikosi ni nyingine: vumbi la mawe linaacha makovu mapafuni na kufungulia mlango kifua kikuu.

Munganga hapimi kuziba kwa macho. Mgonjwa huvuta kwanza dawa ya kufungua njia za hewa, kisha hupuliza chombo kwa nguvu zote. Hewa ya sekunde ya kwanza isipofika 70 kwa 100 ya pumzi yote aliyotoa, njia zimeziba. Kisha hewa hiyo hulinganishwa na ya mtu mwenye afya wa umri na urefu wake: 80 kwa 100 au zaidi ni daraja la 1, 50 hadi 79, la 2, 30 hadi 49, la 3, chini ya 30, la 4.

Mwaka 2023 waganga wa kundi la dunia liitwalo GOLD walipanga ugonjwa huu kwa chanzo pia. Sigara ina fungu lake, na moshi wa kuni una fungu lake. Basi mama anayekausha samaki kwa moshi kando ya Lualaba, asiyejua sigara, naye amehesabiwa.

Kwa hiyo naomba: dispensari ipime kifua cha mfanyakazi na cha mke wake pia. Shimoni tunamwagia jiwe maji ili vumbi litulie. Jikoni nani anatuliza moshi? Pikeni nje au penye dirisha. Tuache sigara. Na kikohozi kikipita wiki 2, makohozi yapimwe kwanza, ndipo ugonjwa upewe jina.