Mlango Si Kivuli

Wiki jana rafiki yangu alinitumia moja ya zile chemshabongo za mtandaoni: jibu maswali, ujue kama wewe ni Shujaa, Mwasi, Mlezi au Mzee wa Hekima. Mimi eti ni Mlezi. Tukacheka, halafu nikamsimulia ndoto inayonirudia tangu utotoni: mtu anagonga mlango wa mabati usiku, hataji jina. Hakufikiri mara mbili. "Huyo ni Kivuli chako. Mfungulie tu."

Nimfungulie nani?

Januari 2008 nilikuwa na miaka minane, Eldoret. Waliogonga walikuwa na majina, na wengine tuliwajua kwa sauti. Mama alinibana mdomo kwa kiganja chake, kilikuwa kinanuka kitunguu. Nionyesheni kamusi ya alama yenye hicho kitunguu.

Haya mambo ya Kivuli tumeyaazima kwa Carl Jung, daktari wa Uswisi, na wengi hawajui kwamba alifika hapa kwetu. Mwaka 1925 alikuja Kenya, akaenda hadi Mlima Elgon, akawa anawauliza wenyeji ndoto zao. Alikuwa anatafuta binadamu wa kale. Laiboni mmoja mzee akamjibu huku machozi yakimlengalenga: zamani laiboni waliota, wakajua vita, magonjwa, mvua, na mifugo ipelekwe wapi. Tangu wazungu waje hakuna anayeota tena, maana Waingereza wanajua kila kitu.

Jung, tuseme haki, aliyaandika haya mwenyewe, hata akaona kwamba DC amekalia kiti cha sauti ya Mungu. Sasa si hapo ndipo angeirudia nadharia yake aikague? Kama serikali inaweza kumnyang'anya mzee ndoto, basi ile nafsi fiche anayosema ni ya wanadamu wote si pango lililo nje ya historia. Nayo ina DC wake.

Sikatai alama. Giza linatisha Zurich, linatisha na Kayole. Ninachokataa ni kupewa maana ya ndoto yangu kabla sijaulizwa ulikuwa mwaka gani.

Usiku ule rafiki yangu aliandika tena: "Pole, sikujua. Mlikuwa mnakaa mtaa gani?"

Nikamwambia. Tuliongea hadi saa nane.