Lipakieni Faili Hilo

Bado kuna kampuni za kompyuta zinazomwambia mteja wa Linux aweke Windows kwanza ndipo aweze kusasisha BIOS, ile programu dhibiti inayoiwasha kompyuta. Ni kama fundi bomba anayekataa kuziba panapovuja mpaka uhame nyumba.

Zamani walikuwa na la kusema. Linux ina matoleo mengi, kila moja na vifurushi vyake, nani atahangaika nayo yote? Swali hilo lilijibiwa mwaka 2015. Richard Hughes wa Red Hat alileta fwupd, programu moja inayofanya kazi hiyo kwenye Fedora, Debian, Ubuntu na nyinginezo, pamoja na LVFS, ghala la mtandaoni ambako watengenezaji huweka programu dhibiti za vifaa vyao. Dell waliingia mapema. Lenovo walifuata mwaka 2018. Mtumiaji anaandika fwupdmgr refresh, kisha fwupdmgr update, anawasha kompyuta upya, basi.

Kazi ya mtengenezaji nayo ni ndogo kuliko anavyotaka tuamini. Anachukua programu dhibiti, anaongeza faili dogo la XML linaloeleza ni ya kifaa gani na inarekebisha nini, anavifunga pamoja katika faili la .cab, analipakia. LVFS inalitia saini ya kidijitali, na fwupd haigusi kifaa kabla ya kuikagua. Tena muundo huo wa .cab ni wa Microsoft wenyewe, na kapsuli ya UEFI (kifurushi cha sasisho la BIOS) inayofungwa humo inaweza kuwa ileile inayopelekwa kwa watu wa Windows. Kazi nzito wameshaimaliza, wamekwama kwenye kubonyeza.

Na hili si jambo la wapenda kompyuta peke yao. Desemba 2023 watafiti wa Binarly walitangaza LogoFAIL: kasoro katika sehemu ya BIOS inayosoma picha ya nembo, ile unayoiona kompyuta inapowaka. Mhalifu akishafika hapo anaendesha msimbo wake kabla mfumo wa uendeshaji haujaamka. Kasoro zilikutwa kwenye msimbo wa waandishi wa BIOS AMI, Insyde na Phoenix, ambao umo ndani ya kompyuta za chapa nyingi. Futa diski, weka Linux upya mara utakazo, tundu liko palepale, kwa sababu halimo kwenye diski. Dawa yake ni programu dhibiti mpya, na ndiyo hiyo mteja anayonyimwa.

Watunza vifurushi wa Linux nao wasijifiche nyuma ya neno uthabiti. Kifaa kipya mara nyingi huhitaji fwupd mpya, na faili lililoko LVFS linaweza kutaja toleo la chini kabisa la fwupd linalokubaliwa. fwupd iliyogandishwa miaka miwili ikikutana na sharti hilo inakataa, na mtumiaji anabaki akidhani mtengenezaji amemtupa. Kugandisha toleo la kihariri cha maandishi, sawa. Kugandisha programu ambayo kazi yake ni kuleta viraka, hapana. Njia za kupeleka toleo jipya kwa watu wa mfumo wa zamani zipo, vifurushi vya snap na flatpak vikiwemo.

Wewe mwenye kompyuta, chomeka chaja, hakikisha betri imejaa (umeme wetu tunaujua), uendeshe amri zile mbili leo.

Lakini wenye rungu ni wanunuzi wa ofisi, shule na vyuo. Mtengenezaji asiyesikia malalamiko ya mteja mmoja husikia oda ya kompyuta mia mbili. Orodha ya vifaa vilivyomo LVFS iko wazi, yeyote anaweza kuitazama kabla ya kulipa. Wekeni mstari mmoja kwenye zabuni: modeli isiyopata masasisho ya programu dhibiti kupitia LVFS haipokelewi. Muuzaji akianza kujieleza, mwiteni anayefuata.