Tafsida Katika Mafunzo ya Ndoa: Mwezi, Ute na Maziwa ya Mama

Wanafunzi wa isimujamii hufunzwa mapema kwamba tafsida ni vazi la lugha. Mzungumzaji mwenye adabu hakitaji kila kitu kwa jina lake, naye msikilizaji huelewa kinachokusudiwa. Nakubaliana na fundisho hilo kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo, lina sharti moja ambalo aghalabu halitajwi: tafsida hufaulu pale tu ambapo msikilizaji tayari anakijua kile kinachositiriwa. Asipokijua, huondoka mikono mitupu akidhani amefunzwa.

Makala haya yanahusu darasa ambalo sharti hilo huvunjwa kwa urahisi, nalo ni la maandalizi ya ndoa katika parokia za Kikatoliki za Kisii na Nyamira, hasa linapofikia somo la upangaji uzazi kwa njia za asili na unyonyeshaji. Sikusudii kujadili iwapo mafundisho ya Kanisa kuhusu uzazi ni sahihi. Hilo nawaachia wanatheolojia na dhamiri za wanandoa wenyewe. Dai langu ni dogo zaidi, na nadhani ni gumu kulikwepa. Kanisa limewaambia waumini wake kwamba njia inayokubalika ni hii moja. Basi lina wajibu wa kuifundisha kwa lugha ambayo mke na mume wataweza kuitumia wakiwa peke yao nyumbani, katekista hayupo.

Historia yenyewe ni fupi. Misheni ya Nyabururu ilianzishwa mwaka 1911, na Jimbo la Kisii likaundwa mwaka 1960. Serikali ya Kenya ilianza mpango wa kitaifa wa upangaji uzazi mwaka 1967. Mwaka mmoja tu baadaye, tarehe 25 Julai 1968, Papa Paulo VI alitoa waraka wa Humanae Vitae, ambao ulikataza vidhibiti mimba na wakati huohuo ukaruhusu wanandoa wenye sababu za haki kutumia siku ambazo mwanamke hawezi kushika mimba. Tangu hapo mwanamke Mkatoliki wa Gusii amekuwa akisikia sauti mbili, moja ya zahanati na nyingine ya parokia. Kupanga uzazi kwenyewe si jambo linalobishaniwa tena. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikadiriwa kuzaa watoto 8 kwa wastani; utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulipata wastani wa 3.4. Katika kaunti ya Kisii, ambapo sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 900 katika kila kilomita ya mraba, hakuna haja ya kumhubiria mtu kuhusu udogo wa shamba. Ameuona mpaka wa shamba lake ukisogea kila ndugu anapooa.

Tuanze na neno dogo, mwezi. Katika Kiswahili neno hili hubeba maana tatu zinazohusu somo letu: mwezi wa angani, mwezi wa kalenda na, kwa tafsida, hedhi. Mwalimu akisema kwamba ‘siku ya nane ya mwezi’ ndipo wanandoa waanze kujizuia, anamaanisha siku ya nane tangu hedhi ilipoanza. Mume anayefanya kazi Nairobi au katika mashamba ya chai ya Kericho ana haki kamili ya kuelewa tarehe nane. Hilo si kosa lake, kwa kuwa lugha aliyopewa ndiyo iliyomwelekeza huko. Neno mzunguko lipo, nalo linatosha kuondoa utata huu, ilmradi mwalimu akubali kutamka hedhi walau mara moja mwanzoni, na aeleze kuwa siku ya kwanza ya damu ndiyo siku ya kwanza ya hesabu. Tafiti za kitaifa za afya zimeonyesha mara kwa mara kwamba wanawake wengi nchini hawajui siku za rutuba huangukia wapi katika mzunguko. Ukiongezea mgongano huu wa maana, huna sababu ya kushangaa.

Njia ya Billings, iliyoanza kutafitiwa na daktari John Billings mjini Melbourne mwaka 1953 na kuendelezwa pamoja na mkewe Evelyn, haitegemei kalenda. Humtaka mwanamke auchunguze ute wa mlango wa kizazi siku baada ya siku: mara hakuna, mara ni mzito, kisha unakuwa mwepesi, wa kuteleza na kuvutika kama ule wa yai bichi. Hapa Kiswahili kina bahati na bahati mbaya kwa pamoja. Tunasema ‘ute wa yai’ kwa ile sehemu nyeupe ya yai la kuku, kwa hiyo ulinganisho huo unaingia akilini bila jasho. Ila ‘yai’ ndilo pia neno letu la kile kinachopevuka katika ovari. Msikilizaji aliyeambiwa harakaharaka kwamba ‘ute wa yai’ ni dalili ya rutuba anaweza kusadiki kwamba ule ute hutoka ndani ya yai lake, na hivyo akiuona basi yai limekwisha kupasuka na hatari imepita. Ukweli ni kinyume chake. Ute huo hutangulia kupevuka kwa yai na huihifadhi mbegu ya mume hai kwa siku kadhaa. Tofauti ya tafsiri hapa ni mimba.

Neno ‘asili’ nalo lina vurugu yake. Tunasema dawa za asili tukikusudia mizizi na majani. Mtu aliyeahidiwa kufundishwa ‘njia za asili’ anaweza kuja akitarajia gome la mti. Nashauri waalimu waanze kwa kusema waziwazi kwamba hakuna cha kunywa wala cha kuvaa. Kuna kuchunguza mwili, kuandika na kujizuia.

Pengine msomaji atasema kwamba Abagusii wanazo sababu zao za kunyamaza, na kwamba kumtaka katekista amtajie mwari wa rika la binti yake habari za ute ni kuvunja chinsoni. Pingamizi hili ni zito, wala silipuuzi. Chinsoni ni kanuni ya heshima na haya inayotenga kizazi cha wazazi na kizazi cha watoto, hasa katika mambo ya mwili na ya kitanda. Mbele ya baba mkwe kuna yasiyotamkwa kabisa. Lakini kanuni hiyohiyo ina mlango wake. Baina ya babu au nyanya na wajukuu, utani huruhusiwa, na mazungumzo ambayo mzazi hayathubutu huwa halali. Jamii iliyounda kimya hicho iliunda pia msemaji. Kwa maoni yangu, parokia inayomweka mwanamume wa makamo mbele ya wachumba na kumtaka afundishe yote haijaitazama mila kwa makini. Somo hili lingekaa vyema kinywani mwa mwanamke mzee aliyelisomea, au mwa wanandoa wa rika moja na wachumba.

Unyonyeshaji hupewa nafasi finyu zaidi, ilhali ndipo penye madhara ya haraka. Mama wa Gusii hahitaji kuambiwa anyonyeshe. Anajua, na anayemtembelea baada ya kujifungua anajua pia kwamba chinsaga haikosekani kwenye sahani ya mzazi. Anachohitaji ni masharti. Wataalamu waliokutana Bellagio, Italia, mwaka 1988 walikubaliana kwamba kunyonyesha kunaweza kumkinga mama dhidi ya mimba kwa zaidi ya asilimia 98 iwapo mambo matatu yametimia kwa pamoja: hedhi haijarudi, mtoto ananyonya kikamilifu au karibu na kikamilifu mchana na usiku, na hajatimiza miezi sita. Likikosekana moja, kinga hiyo haitegemewi tena. Sababu yake ni kwamba kunyonya kwa mara kwa mara ndiko kunakozuia homoni za kupevusha yai. Mtoto akishibishwa kwa kitu kingine hunyonya kwa uvivu, na mwili wa mama huanza kujiandaa upya. Isitoshe, yai la kwanza linaweza kupevuka kabla ya hedhi ya kwanza kuonekana. Anayesubiri damu ndipo aanze kuhesabu huenda akasubiri hadi atakapohisi mtoto mwingine akicheza tumboni.

Fundisho hili likipita katika tafsida na ufupisho, linabaki sentensi moja: anayenyonyesha hashiki mimba. Masharti yote matatu yameanguka njiani. Hata kauli rasmi ya ‘maziwa ya mama pekee’ ina tundu. Kwa wengi wetu maji si chakula. Hivyo mama anayempa mtoto wa miezi miwili maji ya uvuguvugu anaamini, kwa uaminifu wote, kwamba anampa maziwa pekee. Iseme kauli hiyo kwa ukamilifu: hata maji asipewe, hata uji wa wimbi mwepesi asipewe, isipokuwa dawa iliyoagizwa na mhudumu wa afya. Ni kauli ndefu na haina mvuto wa kubandikwa ukutani. Ni afadhali hivyo.

Kuna jambo ambalo lugha peke yake haiwezi kuliponya. Mwanamke anayechuma chai pande za Kebirigo au Sanganyi huondoka alfajiri, na mtoto huachwa na dada yake na kikombe cha uji. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu, na Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea. Mkulima mdogo anayechuma katika shamba lake mwenyewe hana mwajiri wa kumdai. Mafunzo ya ndoa yanayomweleza mke umuhimu wa kunyonyesha mara kwa mara bila kumwuliza mume ni nani atakayebeba kikapu siku hizo ni nusu ya mafunzo.

Na hapa mume asitoroke. Njia hizi zote hutegemea ridhaa yake ya kujizuia, na iwapo yeye huja nyumbani mwisho wa mwezi tu, siku zake za kufika hazitachagua rangi ya shanga. Ndiyo, zipo shanga: mkufu wa shanga 32 unaowafaa wanawake wenye mzunguko wa siku 26 hadi 32, ambao shanga zake nyeupe 12 huonyesha siku ya 8 hadi ya 19, yaani siku za rutuba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kati ya wanawake 100 wanaoutumia kwa mwaka mmoja, takribani 5 hushika mimba wakiufuata barabara, na takribani 12 katika matumizi ya kawaida. Takwimu hizi zisomwe darasani, zote mbili. Mwalimu anayeficha ile ya pili huipunguzia njia yake heshima siku itakaposhindwa kwa jirani. Vilevile isemwe kwamba kuhesabu siku hakumkingi mtu dhidi ya virusi vya ukimwi, na kwamba mke asiyeweza kumkatalia mume mlevi hajapewa njia yoyote kwa kupewa mkufu.

Wanaohofia kwamba lugha ya wazi itageuka matusi wanachanganya rejista mbili. Hedhi, uke, ute na shahawa ni maneno ya kitabibu, hayana uhusiano wowote na lugha ya mtaani. Wahenga wetu, ambao hatuwezi kuwashtaki kwa utovu wa adabu, ndio walionena kwamba mficha uchi hazai. Hapa anayeficha huzaa, ila si kwa wakati alioupanga.

Waraka wa Familiaris Consortio wa 1981 unazungumzia maandalizi ya ndoa ya hatua tatu: ya mbali, ya karibu, na yale yanayotangulia arusi yenyewe. Tunachokiona mara nyingi ni hatua ya tatu peke yake, tena kwa watu walioishi pamoja miaka kadhaa na kuja kubariki ndoa wakiwa na watoto watatu. Kumfundisha mama huyo masharti ya Bellagio ni kumpa mwavuli baada ya mvua. Somo hili lishuke hadi kwenye jumuiya ndogondogo na makundi ya vijana.

Sisi wa Kiswahili tuna sehemu yetu. Chuo Kikuu cha Kisii kimezungukwa na wazungumzaji wa Ekegusii, na miongoni mwa wanafunzi wa Kiswahili wamo wanaozimudu lugha zote mbili. Faharasa ya maneno hamsini ya uzazi na unyonyeshaji, kwa Kiswahili na Ekegusii, inaweza kuandaliwa kwa muhula mmoja. Ipelekwe kwanza kwa wachumaji chai na wauza ndizi, wasomewe, kisha waulizwe warudie kwa maneno yao walichoelewa. Neno watakalolielewa vingine lifutwe, hata kama limo kwenye kamusi.