Tembe Zinakuja Mwezi wa Tano, Mgongo Ulijengwa Wiki ya Nne

Juzi niliingia kemisti ya mtaani nikaitisha tembe za foliki. Jamaa wa kaunta akaniangalia tumbo. Akaangalia uso. Akarudi kwa tumbo. "Ni zako ama umetumwa?" Nikamwambia ni zangu. "Kwani una mimba?" Mama mmoja kwa laini nyuma yangu akakohoa, ile kikohozi ya "watoto wa siku hizi".

Sina mimba. Na sipangi kuwa nayo mwaka huu. Ndio maana nazimeza sasa. Kama hiyo sentensi imekuchanganya, kosa si lako, ni la wale walitufundisha hii kitu kinyumenyume.

Hebu tufanye hesabu. Mimba ikishatunga, moja ya kazi za kwanza kubwa ni kujenga mrija wa neva, ule unageuka kuwa ubongo na uti wa mgongo. Unaanza ukiwa bapa, unajikunja, kingo zinakutana na kushikana kama zipu. Na zipu hiyo hufungwa kufikia siku ya 28 hivi tangu mimba itunge. Ikibaki wazi huku chini, mtoto anazaliwa na mgongo wazi, na mara nyingi maji yanamjaa kichwani pia. Ikibaki wazi huku juu, ubongo haukui na mtoto haishi. Kufunga hiyo zipu kunahitaji seli zigawanyike kwa kasi ya ajabu, na seli haziwezi kugawanyika vizuri bila foliki, ambayo ni vitamini B9.

Sasa weka hiyo kwa kalenda yako. Periodi ilifaa kukuja kama wiki mbili baada ya mimba kutunga. Umechelewa siku tatu, unajiambia ni stresi. Wiki moja, unasema ni mitihani. Wiki mbili zikiisha ndio unavaa kofia ya hudi unaenda kununua kipimo mtaa wa pili, mahali hakuna mtu anakujua. Wueh, mistari miwili. Unajua hiyo ni siku ya ngapi? Ni ya 28 hivi. Hata hujamwambia mtu, na zipu ishafungwa, ama haijafungwa.

Na nchi yetu inafanya nini? Inangoja uje kliniki. Ukifika, unapewa tembe zenye madini ya chuma miligramu 60 na foliki mikrogramu 400, na unaambiwa umeze kila siku. Tembe nzuri sana, msinielewe vibaya. Zinakukinga usiishiwe damu, zinapunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Ukipewa, meza zote. Lakini kwa mambo ya mgongo zimekuja baada ya fundi kwenda nyumbani. Na msiniambie ati wanawake wa Kenya hawapendi kliniki. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulionyesha karibu wote, asilimia 98, huona mhudumu wa afya angalau mara moja wakiwa na mimba. Wanafika. Wanafika tu wakiwa wa miezi minne, mitano, kwa sababu ya nauli, kwa sababu ya bosi, kwa sababu bado wanaificha kwa mama yao.

Binamu yangu alifika ya miezi mitano. Hakukosa hata siku moja ya kliniki baada ya hapo, na tembe alimeza mpaka ya mwisho, pamoja na kutapika kwake. Mtoto akazaliwa na uvimbe mgongoni. Unajua swali la kwanza aliulizwa wodini, kabla damu ikauke? "Ulikuwa unakula nini?" Halafu nyumbani ikaanza. Shangazi mmoja akasema ni laana ya upande wa bwana. Mwingine akasema ni zile P2 alikuwa anameza akiwa kampasi. P2 haifanyi hivyo, hakuna ushahidi wowote wa hiyo stori, lakini ilizunguka kwa grupu ya familia wiki nzima na yeye akiwa ndani ya hiyo grupu, anasoma. Mtoto alishonwa mgongo, akawekewa mrija wa kutoa maji kichwani, na leo anacheka kuliko sisi wote. Kutembea bado.

Hakuna mtu, hata mmoja, aliwahi kumwambia kuhusu foliki kabla ya ile miezi mitano. Alisoma baiolojia mpaka kidato cha nne. Anajua mzunguko wa maisha ya mbu.

Na hii si habari mpya ati tunangoja wanasayansi wamalize. Mwaka wa 1991 utafiti mkubwa ulichapishwa Uingereza, wanawake 1,817 katika nchi saba, wote walikuwa wamewahi kupata mimba yenye shida hii. Nusu walipewa foliki kabla ya kushika mimba tena, nusu hawakupewa. Upande wa foliki, mimba 6 zilipata tatizo. Upande mwingine, 21. Walisimamisha utafiti mapema kwa sababu jibu lilikuwa limeonekana. Foliki haizuii kila kitu, hizo 6 bado zilitokea. Lakini 1991! Wengi wenu mnaosoma hii hamkuwa mmezaliwa.

Kuna mtu tayari anaandika kwa komenti, "sisi hula sukuma, hizo ni shida za wazungu." Maze, nakubali nusu. Jina foliki lenyewe limetoka kwa neno la Kilatini la jani. Iko kwa sukuma, managu, terere, kunde, maharagwe, ndengu. Lakini foliki ya mboga inaharibika na moto na inayeyuka kwa maji, na wewe umechemsha managu nusu saa, ukamwaga maji ndio uchungu utoke, ukakaanga tena. Kilichobaki ni kumbukumbu. Ndio maana Shirika la Afya Duniani linapendekeza tembe ya mikrogramu 400 kila siku kuanzia unapojaribu kupata mimba mpaka wiki ya 12, hata kama unakula mboga.

Sasa, "unapojaribu." Nani hapa anajaribu? Huo utafiti wa 2022 ulisema asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshawahi kushika mimba. Hao walikaa chini na kalenda wakapanga? Ushauri unaoanza na "ukipanga kupata mimba" umeandikiwa mtu ambaye si sisi.

Serikali ilijua hiyo, ndio maana tangu 2012 ni lazima unga wa mahindi na wa ngano wa pakiti uongezwe foliki na virutubisho vingine. Safi. Unameza bila kujua, bila kuangaliwa tumbo na jamaa wa kaunta. Lakini unga wa pakiti ukipanda bei watu hufanya nini? Wananunua mahindi kwa gorogoro, wanapeleka kwa posho mili ya mtaa. Huko hakuna mtu anaongeza chochote. Kwa hivyo ulinzi uko kwa mwenye pesa ya pakiti, na yule hana ndiye baadaye ataulizwa wodini alikuwa anakula nini.

Nataka vitu vitatu na sitaomba kwa adabu. Foliki ifundishwe shuleni kwa somo lile lile la uzazi, wavulana wakiwa ndani ya darasa. Msichana akienda kuchukua ama kuacha njia ya kupanga uzazi, apewe foliki hapo hapo bila hotuba. Na kaunti ziwekee posho mili mashine za kuchanganya virutubisho, kwa pesa ya umma.

Na nyinyi vijana wa kiume mnaosema "haya ni mambo ya madem": mnajua kununua P2 saa nne usiku mkikimbia. Kemisti ni hiyo hiyo.

Kitu kimoja kabla mkimbie dukani. Mikrogramu 400 ni miligramu 0.4. Kuna tembe za miligramu 5, hizo ni zaidi ya mara kumi, na ni za walio kwenye hatari kubwa, kwa mfano mtu ambaye alishapata mtoto wa hivi ama anayetumia dawa fulani za kifafa. Huyo aongee na daktari. Pia usijimwagie kila vitamini unaona. Vitamini A nyingi inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na zile tembe kali za chunusi, isotretinoini, zinatoka ukoo huo huo na madhara yake ni mabaya sana. Hizo mnauziana kwa status kama peremende. Wacheni.

Binamu yangu anataka mtoto wa pili. Daktari alimwandikia zile za miligramu 5, na ameanza. Mimba bado.